Kadi za Clemente na mabesimenti ya Pittsburgh

Kila nyumba ya Pittsburgh ina boksi la mwaka 1989. Nasema hivo kwa sababu kazi yangu ni kuhamisha vyombo na kutoa vitu kwenye nyumba ambazo mwenyewe ameshafariki, watoto wanaishi Texas au Florida huko, wanakuja siku chache wanachagua wanachokitaka, kinachobaki tunakitoa sisi, na ukishuka besimenti lazima ulikute, boksi la kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, za kuanzia 87 mpaka 92, limezungushiwa selotepu, limeandikwa kwa maka peni MSIGUSE. Afu mtoto wa marehemu, mtu mzima na mvi zake, anakuja kusimama karibu yangu anapunguza sauti, ananiambia hizo zina hela sana, angalia usizidondoshe.

Hazina hela. Inaniuma kumwambia lakini huwa namwambia, mana akizipeleka dukani ataambiwa vibaya zaidi. Miaka ile watu wote walikuwa wameshasikia kwamba kadi za zamani zinauzwa kwa bei ya kiwanja, basi kila mtu akawa ananunua anaweka, na makampuni nayo yakawa yanachapa tu usiku na mchana, mpaka leo zipo nyingi kiasi kwamba mapakti mengine hayajawahi hata kufunguliwa. Sasa kitu ambacho kila nyumba imekitunza nani atakuja kukinunua?

Za miaka ya 50 na 60 hadithi yake ni nyingine kabisa. Zile zilikuwa zinakuja ndani ya pakti la bablish, mtoto anatoa senti yake moja au tano dukani anatafuna bablish, kadi anaenda kuchezea. Wanazirusha ukutani kushindana, wanazibana kwenye spoku za baiskeli zipige kelele, wanazifunga rababendi mpaka pembeni zinaota kovu, wanaandika juu kwa peni. Afu kijana anaenda jeshini au anaoa, mama yake anasafisha chumba, zinaenda jalalani. Hata waliozitengeneza hawakuzionea huruma, kuna jamaa wa kampuni ya Topps ya Brooklyn, Sy Berger, ndo mmoja wa waliobuni kadi za mwaka 1952, alisimulia kwamba mwaka 1960 walikuwa na makasha ya kadi za 52 zilizododa ghalani hakuna anayezitaka, wakazipakia kwenye tishari wakaenda kuzimwaga baharini Atlantiki. Baharini! Mwaka 2022 kadi moja ya toleo hilo, ya Mickey Mantle, iliuzwa mnadani dola milioni 12.6.

Basi watu wakisikia hiyo milioni 12 wanadhani nami ndo nakimbizana nayo. Mimi nakusanya mtu mmoja tu, Roberto Clemente, mchezaji wa zamani wa Pirates, timu ya besiboli ya hapa Pittsburgh, na karibu kadi zangu zote ni mbovu, na ndo navyozitaka.

Nilivyoingia humu ni kwa sababu ya kazi. Mimi nimekulia Tanga, besiboli nilikuwa naiona kwenye filamu tu, nilivyofika huku nikawa naona ni mchezo wa watu wanaosimama wakitema mate. Kazini nikapangwa lori moja na mzee mweusi wa hapa hapa, kazaliwa Hill District, na kwa kuwa kwetu huwezi kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kavu nikawa namwita Mzee, nikamweleza maana yake akaipenda, sasa hivi mpaka ofisini wazungu wanamwita Mzee. Huyu bwana kila tukipita Oakland, mtaa wa hapa hapa mjini, lazima apunguze mwendo aninyooshee kidole ukuta wa matofali uliobaki pale karibu na majengo ya chuo kikuu. Ni ukuta wa uwanja wa zamani wa Pirates, Forbes Field, ulianza 1909 ukafungwa 1970, uwanja ukabomolewa ila kipande cha ukuta kikaachwa, na mpaka leo kila tarehe 13 Oktoba kuna watu wanakusanyika pale na viti vyao kusikiliza matangazo ya redio ya fainali ya 1960 kana kwamba ni mechi ya jana. Mzee aliingia humo akiwa mtoto. Akawa ananihadithia Clemente, jinsi alivyokuwa anaokota mpira kule mwisho kona ya kulia anageuka na kuurusha moja kwa moja mpaka beisi ya tatu, mkimbiaji akiuona tu anasimama mwenyewe. Mikono yake ikiwa kwenye usukani mabega yanaonyesha. Mimi nacheka naona wazee wote duniani wako hivi, ukikaa na mzee yeyote wa Tanga atakuhadithia mchezaji wa Coastal Union ambaye hujawahi kumwona na hutamwona.

Ila nilipoanza kusoma habari zake nikanyamaza. Clemente alitoka Carolina, Puerto Rico, akaja Pittsburgh 1955, mweusi, Kiingereza chake wanamcheka magazetini, wanaandika maneno yake vile vile anavyotamka ili aonekane mjinga. Akacheza misimu 18 hapa hapa bila kuhama timu, ubingwa wa 1960 na wa 1971. Tarehe 30 Septemba 1972 akafikisha hiti 3,000, yaani mipira aliyoipiga akafika beisi salama, na zikaishia hapo hapo 3,000 kamili, mana tarehe 31 Desemba mwaka ule ule alipanda ndege ya mizigo kupeleka misaada Nicaragua, Managua ilikuwa imepigwa na tetemeko siku chache kabla, na alienda mwenyewe kwa sababu alisikia misaada iliyotangulia inaishia mikononi mwa watu wa serikali. Ndege ikaanguka baharini muda mfupi tu baada ya kuruka. Umri miaka 38, mwili haujawahi kupatikana. Sheria ya besiboli ilikuwa inataka mchezaji asubiri miaka 5 ndo apigiwe kura kuingia kwenye jumba la magwiji, yeye hawakusubiri, waliingiza jina lake 1973.

Kadi yangu ya kwanza Mzee ndo alinipa, ya mwaka 1969, kona zote nne zimelika, katikati ina mkunjo mmoja. Nikaangalia jina nikamwambia Mzee umenipa mtu mwingine, hapa wameandika Bob Clemente. Akacheka sana. Akaniambia kijana huyo ndo mwenyewe, kaangalie za miaka mingine utaona mambo.

Nikaenda kuangalia na kweli ndo nikanasa. Kadi za Topps za 1955 na 1956 zimeandikwa Roberto. Kuanzia 1957 wanaanza kumwandika Bob, na wanaendelea Bob, Bob, Bob mpaka 1969, miaka 13, mtu kashachukua ubingwa, kashakuwa mchezaji bora wa ligi 1966, bado Bob. Mwaka 1970 ndo wanarudisha Roberto. Yeye mwenyewe hakulipenda hilo jina, alikuwa anawaambia waandishi kabisa naitwa Roberto, lakini ilikuwa kazi bure, redioni mtangazaji anamwita Bobby, magazeti Bob. Sasa mtu ukikusanya kadi moja moja ya miaka ya hapa na pale, ile nzuri nzuri ya bei, huwezi kuona hiki kitu. Ukizipanga mstari mmoja kwenye albamu ndo unamwona mtu anapoteza jina lake na kulirudisha. Mimi kazini jina langu nalo wameshalikata, sitaki kulizungumzia sana hapa, ila nilivyoona ile ya 1970 nilifurahi peke yangu jikoni.

Kwa hiyo cha kwanza ninachomwambia mtu anayetaka kuanza, chagua mtu, usichague bei. Kadi za zamani ni bahari, kuna za pakti za sigara za 1909 mpaka 1911 wanaziita T206, kuna za bablish za Goudey za 1933 ambazo humo Babe Ruth peke yake ana kadi 4, kuna Bowman ambao Topps waliwanunua 1956, ukiingia bila kujua unamtaka nani utamaliza mshahara na utabaki na rundo la watu usiowajua. Ukiwa na mtu wako mmoja kila dola ina mahali pa kwenda na unamjua kadi kwa kadi, unajua kwamba za 55 na 56 zimelala ubavu na ni kubwa kuliko nyingine, haziingii kwenye kurasa za albamu zenye mifuko 9, zinataka za mifuko 8, mana ule ukubwa wa sasa ulianza 1957.

Na ukimfahamu mtu wako kadi kwa kadi si rahisi kuibiwa. Hapa nataka nikae kidogo.

Kule Monroeville kulikuwa na maonyesho ya kadi ukumbini, meza mamia, watu na mabegi ya mgongoni, harufu ya hotdogi. Nilikuwa nimesimama kwenye meza moja, pembeni yangu baba na binti yake mdogo, baba anataka kumnunulia binti Clemente wa 1955, ile kadi yake ya mwaka wa kwanza. Muuzaji anataka dola 300 na ushee, anasema ni ya marehemu baba yake. Sasa ile kadi hata ikiwa imekunjwa katikati na imetobolewa pini haiwezi kwenda bei hiyo, watu wanalipa zaidi ya elfu kwa iliyochakaa. Bei ikiwa ndogo mno na hadithi ikiwa ndefu mno mimi huwa natoa kilensi. Nina kile cha sonara kinachokunjwa, nimekinunua dola chache, kinakaa kwenye funguo zangu.

Nikamwomba muuzaji kwa adabu, bosi naomba niitazame kidogo kabla mheshimiwa hajalipa. Akanipa shingo upande. Kitu cha kuangalia ni hiki. Kadi halisi ya miaka ile picha yake imechapwa kwa vidoti vya rangi, ukiitazama kwa lensi unaona vidoti hata usoni, lakini maandishi meusi na mistari ya pembeni ilichapwa kwa wino mzito peke yake, mweusi mtupu, kingo zake zimenyooka. Sasa mtu akichukua kadi halisi akaipiga skani akachapa nyingine, mashine haijui hii ni picha haya ni maandishi, inageuza kila kitu kuwa vidoti. Niliposogeza lensi kwenye jina, zile herufi zilikuwa chembe chembe, nyekundu na bluu na njano zimechanganyika kutengeneza weusi. Nikaigeuza nyuma. Uchafu ulikuwa rangi moja kote, kahawia, kama imeloweshwa chai, wakati kadi iliyozeeka yenyewe inachafuka zaidi pale mikono ya watu iliposhika, pembeni na kwenye kona.

Sikusema ni feki. Kwenye meza ya mtu, mbele ya wateja wake, na mimi na lafudhi yangu hii, nikasema hivo yatakuwa mengine. Nikampa yule baba lensi nikamwambia angalia herufi ya kwanza ya jina, afu nikatoa mfukoni kadi yangu ya dola 2 ya mwaka huo huo 1955, ya mchezaji ambaye hakuna anayemkumbuka, nikamwambia sasa angalia na hii. Akaangalia. Binti naye akaangalia, ndo aliyesema kwa sauti hii ina madoadoa ile haina. Muuzaji akaichukua kadi yake akasema basi imeshatoka sokoni hii, siiuzi tena.

Hiyo kadi ya dola 2 ndo kitu bora nilichonacho kwenye hii shughuli, sitanii. Ukienda kutafuta kadi ya mwaka fulani beba nyingine ya mwaka huo huo ya mtu asiyejulikana, hakuna anayehangaika kughushi mtu asiyejulikana. Unalinganisha unene wa karatasi, rangi ya nyuma, ukubwa. Ukubwa hasa, mana kuna wale wanaokata. Kadi ina kona zimelika, jamaa anachukua wembe na rula anakata kila upande kiduchu, kona zinarudi kuwa kali kama mpya. Ukiiweka juu ya mwenzake unaona imepungua.

Na usidhani hao ni wahuni wa uchochoroni tu. Kadi maarufu kuliko zote duniani ni ya mtu wa hapa hapa, Honus Wagner, mzaliwa wa pembeni ya Pittsburgh, sanamu yake iko nje ya uwanja wa sasa. Ni ile T206 ya pakti za sigara, walisimamisha kuichapa mapema, wengine wanasema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili yake na wengine wanasema ni hela hawakuelewana, kwa vyovyote zinazojulikana hazifiki 100 na mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Sasa ile nzuri kuliko zote, iliyowahi kumilikiwa na Wayne Gretzky mcheza hoki, ndo ilikuwa kadi ya kwanza kabisa kupewa gredi na PSA, kampuni inayokagua hali ya kadi na kuipa namba, walipoanza 1991, ikapewa 8 kati ya 10, na miaka ikapita mpaka 2013 muuzaji mkubwa Bill Mastro akakiri mahakamani kwamba aliikata pembeni kabla ya kuiuza. Kadi ya kwanza bana.

Ndo mana sina haja na gredi kubwa. Siwakatazi wengine, kama unanunua ili uuze basi nunua iliyofungwa kwenye plastiki na namba juu, utalala usingizi. Lakini kwa mtu wa mshahara wangu, kadi hiyo hiyo moja ikiwa gredi 8 na ikiwa gredi 2 tofauti inaweza kuwa mara 10 na kuendelea, na Clemente ni yule yule, sura ni ile ile, Bob ni yule yule. Mimi nanunua kadi zilizokunjwa, zilizochorwa, zenye alama ya gundi nyuma walipozibandika kwenye daftari. Kitu pekee nisichokikubali ni iliyokatwa au iliyopakwa rangi, mana hiyo imedanganywa. Mkunjo si uongo.

Jambo lingine ambalo lilinichukua muda kulielewa ni namba. Unaona kadi ya 1962 bei nafuu, ya 1963 iko juu sana, mtu yule yule, hali ile ile, unajiuliza kuna nini. Ukigeuza nyuma unakuta ya 62 ni namba 10, ya 63 ni namba 540. Zamani hizo, mpaka 1973, Topps hawakuwa wanatoa kadi zote kwa mpigo, walikuwa wanazitoa kwa mafungu, fungu la kwanza msimu ukianza, la mwisho karibu msimu unaisha. Ikifika mwisho wa kiangazi watoto wameshachoka, shule zinakaribia, futiboli ya Kimarekani inaanza, maduka hayaagizi tena. Kwa hiyo namba kubwa zilichapwa chache na zilinunuliwa chache. Ukilijua hili unaacha kushangaa bei, unaangalia namba kwanza.

Sasa nikuonyeshe ninayoipenda. Ukienda kwenye maonyesho kila meza ina bakuli au boksi la vitu vya dola 5 kushuka chini, humo ndo mimi naanzia. Humo nilikuta kadi ya orodha ya mwaka 1967. Topps kwenye kila fungu walikuwa wanaweka kadi yenye orodha ya majina na namba za fungu hilo, kila jina na kiboksi chake, mtoto akipata kadi anatia tiki. Mwaka ule waliziwekea vichwa vya mastaa, na ya fungu la tano ina kichwa cha Clemente. Orodha yake inaanzia 371 inaishia 457. Kadi ya orodha iliyotiwa tiki haina thamani sokoni, wakusanyaji wanaitaka safi, na hii ilikuwa imetiwa tiki mbele na nyuma, kwa penseli, na mtoto wa watu alikuwa na mkono mzito, tiki zimebonyea mpaka ukiipitisha kidole unazisikia upande wa pili. Kuna tiki moja kaikosea akaifuta kwa mate, karatasi imechubuka pale. Clemente mwenyewe kwenye toleo lile ni namba 400. Nikatafuta 400. Kiboksi kiko wazi. Kapata 399, kapata 401, sura ya mtu anayemtafuta iko hapo hapo juu ya orodha inamtazama, na hakumpata.

Nilimwonyesha Mzee tukiwa tunakula mchana ndani ya lori. Akavaa miwani akaikodolea muda mrefu, akasema huyu mtoto ni mimi. Nikamwambia kweli? Akasema hapana, lakini ingeweza kuwa.

Mzee huyo huyo ndo aliyenifungua macho kwenye jambo moja ambalo wakusanyaji wengi wa huku hawaliongelei sana. Nilimwuliza mchezaji wa nani kadi yake angeitaka kuliko zote akasema Josh Gibson, na haipo. Gibson alikuwa mpigaji wa hapa, Pittsburgh Crawfords na Homestead Grays, timu za weusi, enzi ambazo weusi hawaruhusiwi ligi kuu. Mji huu ulikuwa na timu mbili za weusi zilizojaa magwiji na watoto wa mji huu wakinunua bablish hawakuweza kumkuta hata mmoja wao ndani ya pakti. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu hivi kabla Jackie Robinson, mweusi aliyevunja hilo katazo, hajaingia ligi kuu. Makampuni makubwa ya bablish ya Marekani hayakuwahi kumtoa akiwa hai. Kadi yake ya zamani inayotafutwa ni ya Puerto Rico, ya toleo la Toleteros la 1950 na 51, ameshakufa tayari, kisiwani kule alikocheza wakamkumbuka, na bei yake mimi na wewe tuishie kuitazama kwenye picha. Mwaka 2024 ligi kuu imeingiza takwimu za ligi za weusi kwenye vitabu vyake na Gibson na wastani wake wa kupiga wa .372 akawa juu ya wote. Kwa hiyo unapoona albamu ya mtu ya miaka ya 30 na 40 imejaa, kumbuka ni imejaa walioruhusiwa. Kwenye albamu yangu nimeacha ukurasa mmoja mtupu mwanzoni, kabla ya Clemente, watu wakiniuliza nawaeleza.

Kuhusu kutunza sitaongea sana. Kava laini kwanza, ndani ya kava gumu, usitumie albamu za zamani za plastiki inayonuka na kunata, ile inatoa jasho na kula rangi. Rababendi marufuku. Besimenti marufuku kabisa, mimi najua mabesimenti ya mji huu, hakuna lisilo na unyevu.

Na kwa wale wanaofanya kazi kama yangu, mnajua wenyewe vishawishi. Mtu anakuambia chukua chochote ulichokiona besimenti, hataki hata kushuka. Juzi juzi kwenye nyumba moja chini ya ngazi kulikuwa na boksi la viatu, nikafungua nikaona mgongo wa kijivu, ile karatasi ya zamani, moyo ukaruka. Humo kulikuwa na kadi za 61 na 62, Clemente mmoja wa 61 amepinda kama chapati. Mama mwenye nyumba akasema we chukua tu utupe au ubaki nazo. Nikamwambia mama hizi si zile za 89 mlizoziweka juu mezani, hizi ndo zenyewe, zipige picha uwatumie watu wawili tofauti wakupe bei, ukishapata bei ya juu niambie kama unauza. Akanitazama kama mwendawazimu. Siku ya pili akaniambia bei, nikamnunua Clemente peke yake kwa hiyo bei, zilizobaki akaziuza kwa mwingine. Wenzangu kwenye lori waliniona boya. Lakini mama huyo ana dada zake wawili, na wote wameshatupigia simu tuje kusafisha, na nyumba zao ni za zamani zaidi.

Bado nazidai 1955 na 1963. Ya 63 nitaipata, kuna jamaa anayo ya kona mbovu na tunavutana bei. Ya 55 sijui, labda watoto wakimaliza chuo.

Halafu kwa kuwa kila siku naona nyumba ambazo mwenye vitu kaondoka na hakuna anayejua kipi ni kipi, nimeandika karatasi nimeiweka mbele ya albamu, kwa Kiswahili, kila kadi na mwaka wake na nimenunua bei gani na nani wa kumpigia simu akauziwe na nani wa kumkwepa. Mke wangu kaisoma mpaka mwisho kwa makini, hajasema kitu kuhusu Clemente wala bei, kaniuliza tu, hii ya tiki za penseli umeandika msiiuze, kwa nini. Nikamwambia haina bei. Akasema haya, basi hiyo ndo ntaanza kuwapa watoto wa dada wachezee.